Jiwe la mbinguni juu ya kigoda

Nyololo, Jumapili, Julai 1956. Ukungu haujaondoka tangu asubuhi, na mimi pia sijaondoka mlangoni.

Jiwe langu la mbinguni limepata jina lake leo.

Nililiokota wiki tatu zilizopita, nikilima kinyungu changu, kile kishamba cha kiangazi kule bondeni. Jeusi, zito kupita ukubwa wake, lina michirizi kama mshumaa ulioyeyuka. Kwa kuwa nimewahi kukiona kimondo cha Mbozi kwa macho yangu, nikatangaza kwamba hili ni mtoto wake. Nikaliweka juu ya kigoda, nikalitandikia kitambaa cha marehemu mke wangu.

Watu wakaja. Tangu matanga yaishe, nyumba hii haikuwa imesikia hodi. Sasa hata mzee wa kanisa alifika, akainama, akauliza kama lilianguka likitokea upande wa Wakatoliki. Nikawa nachemsha chai mara tatu kwa siku. Niliwaeleza mambo ya anga kana kwamba nimerudi kutoka huko juzi.

Leo baada ya ibada akaja Bibi Sanga, jirani wa ng'ambo ya kijito, aliyeolewa huku kutoka Ukinga.

"Kamwene, Baba Eliza. Nyota yako iko wapi?"

Nikamwonyesha. Akaligeuza, akacheka mpaka akakaa chini.

"Baba, haya ni mavi ya chuma! Babu yangu alikuwa anayeyusha chuma. Sisi wasichana tulikatazwa kusogelea tanuri, tukaachiwa takataka hizi tuchezee. Na wewe umezitandikia kitambaa!"

Nikasema pengine hata mbinguni kuna wahunzi. Alikuwa anaitazama sufuria ya chai, kubwa mno kwa mtu mmoja.

"Sitamwambia mtu," akasema, akaenda zake.

Hapa naandika ukweli, maana hapa hakuna mgeni wa kumfurahisha. Jiwe lina vitundu vya mapovu. Kwenye kile kimondo cha Mbozi sikuona hata kimoja. Niliviona siku ile ile ya kwanza, nikavigeuzia chini.

Nyota, watu huijia. Takataka, nani atavuka kijito kuja kuitazama?

Kitambaa nimekifua. Kesho nitalibeba jiwe hadi kwa Bibi Sanga, safari hii mimi nikapige hodi, nimwombe anisimulie habari za tanuri la babu yake. Wakiniuliza njiani nimebeba nini, nitawaambia.

Chai aweke yeye.