Nilikaa Kimya, Wakaniletea Kuni za Msiba

Ruangwa, Jumapili, Agosti 2008

Asubuhi ilikuwa ya baridi, jua likachelewa, na jioni hii nina furaha ambayo sikuitegemea.

Ukweli ni kwamba mwezi huu sikuwa mtu wa kukaa naye. Tangu mbuzi wa jirani yangu, Mama Zuhura, alipoingia kwenye mbaazi zangu, tulikuwa hatusemeshani. Nikimsikia tu bombani moyo ulikuwa unaenda mbio, kisha darasani nilikuwa nawamalizia watoto hasira zisizowahusu. Na zamani tulikuwa chanda na pete. Nilikuwa namkumbuka sana, ila kiburi hakikuniruhusu kumwambia.

Juzi walimu tuliitwa semina Nachingwea, kuhusu msongo wa mawazo. Mkufunzi alitufundisha kukaa kimya, kufuata pumzi ikiingia na kutoka, na kuiacha hasira ipite bila kuisukuma wala kuifuata. Mimi nafundisha sayansi, nikauliza ushahidi uko wapi. Hakukasirika. Alisema watafiti wamelinganisha wanaofanya hivi na wasiofanya: wengi msongo unawapungua na hasira inapoa mapema, ila si kila mtu, na wala haichukui nafasi ya dawa. Jibu lisilo na makuu namna hiyo ndilo lililonishawishi.

Basi leo mume wangu, baba Neema, alipokwenda kupulizia mikorosho salfa, ile dawa ya unga, nikatandika mkeka mbele ya nyumba, nikajifunika kanga kichwani kwa sababu ya baridi, nikafumba macho.

Ningefikiri kwanza.

Huku kwetu mwanamke akikaa hivyo, amefiwa. Mpita njia mmoja alitosha kueneza habari. Nilipofumbua macho akina mama walikuwa wameshajaa, kanga viunoni, na aliyetangulia, mzigo wa kuni kichwani, machozi yakimtiririka, alikuwa Mama Zuhura.

"Mwalimu, pole," akasema. "Ni baba Neema?"

Ugomvi huendi nao msibani, unauacha kwako, na yeye aliuacha. Lakini mimi sikuwa na msiba. Niliogopa kwamba akijua ukweli ataona nimemchezea, na hapo tutakuwa tumeachana moja kwa moja. Nikamwambia hivyo hivyo: hajafa mtu, nilikuwa napumua tu.

Kabla hajajibu, baba Neema akatokea na baiskeli, uso mzima umejaa unga wa salfa. Bibi mmoja nusura atimue mbio. Mama Zuhura akamtazama, akanitazama mimi, akaketi mkekani akacheka mpaka akashika mbavu. Nami uvumilivu ukanishinda, nikacheka naye.

"Kuni sirudi nazo," akasema. "Injika chai."

Habari ya mbuzi iliisha kabla maji hayajachemka. Nikamwambia nimemkumbuka. Akasema na yeye pia, na kwamba bombani alikuwa akipaza sauti makusudi ili nimsikie.

Sasa kifua ni chepesi, lakini sijui nimepima nini. Wanafunzi nawaambia kila siku, ukifanya jaribio badilisha kitu kimoja tu. Mimi leo nimebadilisha viwili, pumzi na Mama Zuhura. Jaribio limeharibika, na sijutii hata kidogo.

Kesho kabla ya shule nalirudia. Mama Zuhura amesema atakaa nami, ila nyuma ya nyumba, maana tukionekana wawili, wanaume nao watakuja na majembe ya kaburi.