Kipindi Tulichoangalia kwa Siri, Babu

Babu,

Shikamoo. Kuna jambo ambalo kwa miezi mingi sikumwambia mtu yeyote, hata daftari langu sikuliandikia: niliamini kwamba mimi ndiye niliyekuua.

Jumamosi ile Mama alikwenda Chilangala kuokota korosho pamoja na mdogo wangu Mwanahawa. Mimi na wewe tuliobaki nyumbani tukawasha tivii saa tisa alasiri, tukaangalia marudio ya kipindi alichokikataza. Ulicheka mpaka ukakohoa, ukakohoa mpaka ukashika kifua. Mimi badala ya kuzima nikakupa maji, kisha nikaongeza sauti. Alfajiri ya Jumapili hukuamka. Wenzangu walilia kwa sababu umetutoka. Mimi nililia kwa sababu hiyo na kwa nyingine.

Mama alikikataza bila kukiona. Jirani yetu Mama Saidi alimwambia kwamba ndani yake mna pombe, uongo na wanaume wasio na haya, naye akasema, "Basi, kwangu hakiwashwi. Mtoto huiga." Nilinyamaza. Unanijua, maneno yangu hutoka kwenye kalamu, mdomoni hukwama.

Siku ya kwanza ulidhani ni taarifa ya habari. Kiko Dhahabu, mwimbaji ambaye nyimbo zake hupigwa kila harusi hapa Newala, alikuwa anaazima gari la mtu ili apigwe nalo picha. Anajitumia maua mwenyewe. Anamlipa mama mmoja amkimbilie sokoni akipiga kelele kwamba amemwona nyota. Ukashika kichwa, ukanigeukia mimi, mkeo wa utani: "Hivi mke wangu, huyu hana ndugu wa kumfungia mlango? Anaaibika nchi nzima inamwona!" Nilikueleza kwamba ni mchezo. Ni yeye kweli, kwa jina lake, ila anajifanya mjinga kuliko alivyo ili tuwacheke watu wanaojiona. Ukafikiri kidogo. "Ahaa. Anajitania. Masikini, kwao hana watani, kazi imebidi aifanye mwenyewe."

Tangu hapo kila Jumamosi, Mama na Mwanahawa wakishatoka, uliniuliza, "Yule asiye na watani anaanza saa ngapi?"

Lakini kuna ile sehemu ya hoteli. Kiko anamwita msichana wa shule aliyemwandikia barua, anamnunulia soda, anamfundisha namna ya kumdanganya mama yake kwenye simu, na watu wasioonekana wanacheka. Wewe hukucheka. Ulinyoosha mkono, ukaomba rimoti, ukazima. "Hapa sasa si utani. Mtani humtania anayeweza kumrudishia. Haka katoto katamrudishia nini?" Babu, mimi nilikuwa nimeshaanza kucheka. Nilicheka kwa kuwa wale wa ndani ya tivii walicheka. Nilisikia haya mpaka masikioni.

Msibani kwako watani wa ukoo walifika kutoka Masasi. Mmoja wao, Bi Somoe, kwa desturi ya utani, alivaa koti lako na kofia yako, akashika mkongojo, akapita mbele ya waombolezaji akichechemea na kulalamika kwa sauti yako hasa: "Chai gani hii? Sukari mnamwekea nani, mwenyekiti?" Watu waliangua kicheko huku machozi yanawatiririka. Hata Mama alijifunika kanga, mabega yakawa yanatikisika. Mimi nilikimbilia nyuma ya tangi la maji. Kicheko kilikuwa kinanitisha.

Sasa korosho zimekwisha, mvua zimejaza tangi, na kiti chako amekirithi paka. Mwanahawa ametimiza miaka kumi na mitatu. Wiki tatu zilizopita Mama alimkuta kwa Mama Saidi, ambako, kumbe, kipindi huangaliwa na nyumba nzima, Mama Saidi akiwa mstari wa mbele! Mwanahawa alirudi analia. "Wenzangu wote wanaangalia! Darasani wakicheka mimi nabaki nimekodoa macho tu!" Mama akanigeukia. "Wewe ndiye msomaji wa nyumba hii. Kinafaa au hakifai? Mie nimesikia tu."

Ningeweza kusema sijui. Nilifungua mdomo nijibu habari za kipindi, yakatoka mengine yote: Jumamosi ile, kikohozi, maji, sauti niliyoongeza. Mama aliweka chini ungo wa kunde alizokuwa anachambua. Nilingoja kofi.

"Saa ngapi hiyo?" akauliza.

Nikamwambia saa tisa.

"Kumbe." Akapangusa mikono kwenye kanga. "Jioni ile baba alikula ugali akaumaliza. Wiki nzima alikuwa anaonja tu. Nikamuuliza, leo una nini? Akasema, 'Nimecheka.' Hakunitajia kilichomchekesha."

Ndipo akaniambia mlichonificha. Daktari alishawaeleza tangu kiangazi kwamba moyo wako umechoka na pengine hautamaliza msimu, na wewe ukakataza wajukuu tusiambiwe. "Hukumuua, Zuhura. Ulimlisha."

Nilikuwa kama mtu aliyetuliwa ndoo kichwani baada ya kupanda nayo kutoka bondeni. Shingo yangu haikuamini. Na wewe, Babu, ulinificha! Basi tumetoka sare.

Swali la Mama nililijibu kesho yake. Nilimwambia kinafaa kwa mtu wa umri wa Mwanahawa na wangu, ila si peke yake, na si chote. Kiko akijicheka mwenyewe, tumcheke naye, huenda tukapona ugonjwa wa kujiona. Akimcheka asiye na la kujibu, awepo mtu mzima wa kusema kama ulivyosema wewe. Mtoto mdogo asikiangalie kabisa, atakidhani taarifa ya habari, kama mzee mmoja ninayemjua. Mama alijaribu asicheke, akashindwa. "Basi tutaangalia wote," akasema. "Na nikisema zima, ni zima."

Babu, kwaheri. Mungu akupe mapumziko yasiyo na kikohozi. Siwezi kuahidi kwamba nitakuwa msemaji. Naahidi kwamba jambo likinilemea sitalibeba tena miezi mizima peke yangu, nitalitua mbele ya Mama hata kama sauti inatetemeka.

Jana saa tisa tuliwasha, sote watatu. Ikawa ndiyo ile sehemu ya hoteli inarudiwa. Wale watu walipocheka, Mwanahawa akauliza, "Mbona huyu msichana mwenyewe hacheki?" Mama alinitazama. Nilichukua rimoti, nikapunguza sauti, nikasogeza kigoda changu karibu na mdogo wangu, nikamweleza.

Mjukuu wako,
Zuhura