Maji ya Pwani Katika Tangi la Boga

Mtongwe, Likoni,
Mombasa.
Ijumaa, 14 Juni 1991.

Mpendwa Dada Mwanatatu,

Assalaam aleikum. Shikamoo, dada yangu. Natumai barua hii itawakuta wazima, wewe, Shemeji Mwidani na watoto, na kwamba lile goti lako limeacha kukusumbua. Mimi ni mzima wa mwili, alhamdulillahi. Nalala, naamka, nala nikikumbushwa. Mama mkwe Bi Dhahabu naye hajambo, ila kikohozi chake cha alfajiri hakijamwacha.

Khanga na kahawa ulizompa Katana zilifika. Basi lake linarudi Tanga kesho na ameapa hataondoka bila jibu, kwa hiyo leo sina pa kujificha. Umeniuliza jambo moja tu: eda ikiisha, nije nikae kwako? Nitakujibu, lakini nivumilie kwanza nikupe habari za samaki. Najua utasema, Mwanamkasi kaanza. Ndiyo, nimeanza.

Eda imebaki wiki sita. Tangu marehemu mume wangu Boga alipotutoka siku ya nne ya Ramadhani sijavuka kizingiti ila kwenda uani. Nyumba tumebaki wawili, mimi na mama yake, na lile tangi la kioo pale ukumbini. Unalikumbuka. Siku ya harusi yetu ulilitazama ukauliza samaki hao huliwa kwa wali au kwa ugali, na Boga akakununia mpaka magharibi.

Kazi yake hotelini ilikuwa kutunza matangi, na ustadi wa huko aliuleta nyumbani. Hakuleta samaki kwa uzuri wake. Alimpeleleza kama watu wanaokwenda kuposa: ametoka maji gani, hula nini, ana hasira, ataelewana na waliomo? Yote aliyaandika katika daftari la shule. Enjeli, yule bapa mwenye mapezi marefu, ni mzuri lakini akikua huwameza wadogo. Wale wembamba wenye mstari wa buluu wasipungue sita, wakiwa wawili hufadhaika na kufa. Wenye masharubu wakae chini wafagie mchanga. Samaki wa dhahabu asitiwe kabisa, yeye ataka maji ya baridi na hawa wataka ya vuguvugu. Niliwahi kumwambia kwamba angenichunguza mimi hivyo asingenioa. Alicheka, lakini hakukataa.

Sasa sikiliza. Asubuhi ya pili baada ya hitima ya arobaini niliamka nikawakuta wanaelea. Wa buluu wote, wenye masharubu wote. Walisalia watatu tu, wale weusi tii waitwao moli. Nililia, Dada, kilio ambacho hata siku ya maziko sikukilia, maana siku ya maziko nilikuwa nimeganda.

Na nikamdhania mtu. Bi Dhahabu hakuwapenda samaki wale tangu zamani. Neno lake lilikuwa moja, samaki asiyeingia chunguni ni wa nini? Nikasema moyoni, ni yeye, amewatilia sabuni ama nini sijui, amechoka kuwatazama. Sikumuuliza. Nilimpikia na kumtekea maji ya kuoga kama kawaida, lakini salamu zangu zilikuwa za midomo. Ndiyo siku zile nilipokutumia lile neno kwamba nataka kuondoka. Sikukueleza sababu, na wewe kwa upendo wako hukuuliza, ukaanza kupaka chumba chokaa.

Katana alipoleta barua yako wiki mbili zilizopita, alisimama mlangoni akaitangaza habari ya chumba na chokaa yake kwa sauti ya kuita abiria. Bi Dhahabu alikuwa hapo kibarazani akichambua mchicha. Hakuinua kichwa.

Siku tatu baadaye alikuja akaketi nami mbele ya tangi, jambo asilolifanya kamwe. Akaniuliza, "Hawa weusi mbona wao hawakufa?"

Nikamjibu kwa ukavu kwamba Boga ameandika, moli ni wagumu, huweza kustahimili hata chumvi, lakini wale wenzao ni wa mito ya mbali, chumvi huwaua.

Aliwahesabu wale weusi kwa kidole. Kisha akasema, "Basi n'liwaua mimi."

Nilimgeukia. Alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Mwanangu, hitima ilipokwisha n'liona maji yamepungua, nawe u kitandani walia. N'kasema, samaki wa mwanangu wasife kiu nami nipo. N'kateremka pwani na ndoo, mara mbili. Maji ya mfereji si maji ya samaki, n'lidhani wana hamu ya kwao."

Dada, mama yule amekaribia miaka sabini. Unaujua mteremko wa kwetu, na kuupanda na ndoo kichwani, na kikohozi kile. Na katika ukoo wetu mzima nani angefikiri vingine? Hata marehemu bibi yetu angefanya hivyo hivyo na kuwasomea Fatiha juu yake. Tulilia pamoja mpaka adhana ya alasiri. Kile nilichomdhania sikumwambia, wala sitamwambia. Nimekuandikia wewe, uniombee kwa Mola.

Baada ya hapo tukaanza kuyabadilisha maji, ndoo moja asubuhi, moja jioni, yakisha kulala siku nzima ili dawa ya mfereji itoke. Mama mkwe ndiye aliyekuwa akiionja chumvi kwa ncha ya kidole. Maji yalipokuwa tayari, akasema yeye atavuka feri aende mjini dukani, maana mimi siwezi kutoka. Hajui kusoma, kwa hiyo nilimsomea daftari siku mbili akalihifadhi: wa buluu kumi, wenye masharubu wanne, enjeli hapana hata muuzaji akimsifu vipi.

Alirudi adhuhuri juzi, mfuko wa nailoni umo ndani ya kikapu, amekifunika kwa buibui jua lisiwapate. Nikachungulia. Mlikuwa na gapi sita tu, vile visamaki vidogo vyenye mikia ya marangirangi. Wa buluu hata mmoja. Nilikasirika, nakuambia kweli. Nikamuuliza, "Mama, tulikubaliana hivi?"

"Wale wa buluu wazuri," akanijibu, "lakini muuzaji asema maji yao ni ya kupimwa, na dawa zao zasomwa kwenye chupa. N'kamwambia, nitaftie wanaopatana na weusi wangu, wanaokula kidogo, wasiodhurika na maji yetu magumu, na ambao aweza kuwatunza mtu mmoja asojua kusoma. Maana wewe waenda Tanga."

Hakulisema kwa lawama. Alikuwa akijifunga khanga vizuri huku akitafuta ufagio, kana kwamba anazungumzia bei ya nazi. Niliuweka mfuko juu ya maji kama alivyokuwa akifanya Boga, ili joto la ndani na la nje lilingane, tukakaa tunausubiri. Kisha nikaufungua. Gapi walizubaa kidogo, halafu wakaenda zao kati ya weusi, na hakuna aliyemgusa mwenziwe.

Dada, siji. Nisamehe kwa chokaa na kwa taabu yote uliyoipata. Usije ukawaambia watu kwamba nimebaki kwa ajili ya samaki. Nabaki kwa sababu mama yule alizaa mmoja tu na huyo tumemzika, na kwa sababu nimeona hakuna mwingine ninayetaka kumlilia Boga pamoja naye. Chumba mpe binti yako Mwanatabu. Ameshakuwa mwanamwali, asilale tena na wadogo zake. Eda ikiisha nitakuja kukusalimia wiki moja, inshallah, kisha nirudi kwangu.

Bado sijamwambia. Neno la kuondoka nililituma kwako, kwa hiyo wewe ujue kwanza. Kesho Katana akiipokea barua hii mlangoni na kuondoka nayo, ndipo nitakapoingia jikoni nimwambie. Nataka neno liwe limeshatoka humu nyumbani, nisiweze kulirudisha.

Nisalimie Shemeji Mwidani, Mwanatabu na wadogo zake, na Bi Mwanamvua jirani yako aliyenitumia udi. Idd ya kuchinja iko karibu. Mungu awafikishe salama, akuponye goti, na amrehemu Boga wetu.

Ndimi mdogo wako akupendaye,
Mwanamkasi