Ulezi Ndani ya Laptopu

Kaka Desi,

Barua huanza kwa kuuliza hali. Yako naijua, kwa hiyo nianze na ya kwetu: tumechoka. Mama hajala vizuri tangu Jumapili, na sababu ni ile laptopu yako.

Tangu tukuzike, kile kibanda chako cha kuchapa barua na kupiga picha karibu na soko nakifungua mimi, na jioni narudi na laptopu nyumbani kama ulivyokuwa ukifanya. Jumapili tukiwa kanisani mvua ilishuka na upepo wake wa huku, bati la chumbani likavuja juu ya laptopu. Mama alitangulia kurudi. Akaifuta kwa kitenge, kisha akaifukia kwenye debe la ulezi ili unyevu unyonywe. Alisikia watu wa mijini hutumia mchele. Sisi mchele tungeutoa wapi?

Nilipoiwasha, taa ndogo ya pembeni iliwaka, kioo kikabaki cheusi. Na unajua kilichomo mle. Uliwapiga picha watu wa Sumbawanga nzima, lakini wewe ulikubali kupigwa mara moja tu, kwenye komunio ya mtoto wa shangazi, na picha hiyo hatujawahi kuisafisha ikatoka kwenye karatasi. Mama anaitaka kwa ajili ya misa yako ya mwaka. Alikaa chini akasema, "Nimemzika mwanangu mara mbili." Tangu hapo sahani anaisogeza tu.

"Usiogope kioo cheusi, uliza kwanza kama mashine yenyewe iko hai." Ulizoea kuniambia hivyo huku umeng'ata bisibisi. Basi leo kibanda sikufungua. Nikatoa betri, nikashikilia kitufe cha kuwashia, nikairudisha. Cheusi. Nikafungua mgongo wa mashine, na hapo, Kaka, ningecheka kama ningekuwa na nguvu. Ulezi ulimwagika mezani. Punje zilikuwa kwenye feni, zilikuwa hadi chini ya kile kibao cha memori. Mchele usingepenya, ila ulezi unapita popote. Nimezitoa kwa sindano ya Mama mpaka kiuno kikauma. Memori nikaichomoa, nikaifuta, nikairudisha mahali pake.

Nikawasha. Feni ikazunguka, na ule mlio wake wa kuamka ukasikika. Kioo bado cheusi. Nililaza kichwa mezani nikalia, sikufichi. Nilikukasirikia pia, kwa kuondoka kabla hujamaliza kunifundisha.

Halafu nikakumbuka tochi. Ulinionyesha kwenye mashine ya yule mwalimu wa Chala: ukimulika kioo kwa ubavu, unaweza kukuta picha ipo, ila taa ya nyuma ya kioo ndiyo imekufa. Nikamulika. Maandishi yakaonekana, hafifu. Nikamwita Mama ashike tochi, mimi nikatafuta mpaka nikakupata. Ukawa unatokea kipande kipande kila aliposogeza mwanga: shati jeupe, kidevu, macho.

Mama alikutazama kitambo. Akasema, "Desi, mbona ulikuwa umekonda hivi, na mimi sikuona?" Akalia, nikamwacha alie. Kisha akauliza kama kuna ugali.

Kesho nitaipeleka parokiani, niiunganishe na kioo cha kompyuta yao, picha yako isafishwe. Siku ya misa utakuwa mbele, utake usitake. Na kibanda nitaendelea kukifungua, nakuahidi, hata nikiwa nimechoka hivi.

Pumzika, Kaka. Mama amekula.

Mdogo wako,
Leonsia