Maneno Chini ya Sahihi Yangu

Skreivågen, Lofoten
Tarehe 9 Juni, 2019

Mpendwa Shangazi Gudlaug,

Pokea salamu zangu za moyoni huko Saskatoon. Goti linaendeleaje? Mama anasema ulikuwa mkaidi toka utotoni, kwa hiyo haamini hata kidogo kwamba unafanya yale mazoezi uliyoandikiwa. Fanya, tafadhali, hata kama ni kwa ajili ya kumkomoa tu.

Sisi huku ni wazima. Tumeanza kuwashusha samaki kutoka vichanjani, na mwaka huu wamekauka vizuri, wagumu kama kuni. Nanuka samaki mpaka kwenye nywele, na watoto wamekataa kukaa kiti cha mbele nikiwa naendesha gari. Mama anakula vizuri na bado anafuma. Masikio ndiyo yanamsumbua, ingawa husikia vyema sana akiwa anasengenywa.

Sasa nikueleze lililonifanya nishike kalamu. Karibuni utapata bahasha ya kampuni yetu, yenye hesabu za mwaka jana. Nakuomba usiishie ukurasa wa faida. Mwishoni utakuta sahihi tatu za bodi: ya Mama, ambaye ndiye mwenyekiti, ya kaka yangu Torgeir, anayeiendesha kampuni, na yangu. Chini ya sahihi yangu kuna maneno. Nataka uyajue kutoka kwangu kwanza, maana Torgeir akishaanza kusimulia, mchawi huwa mimi.

Nilikuandikia mwaka jana juu ya baridi iliyotukuta samaki wakiwa bado wabichi vichanjani. Samaki akiganda kabla hajakauka, nyama yake huwa kama sifongo. Basi mchaguaji alipowapitia na kuwagawa kwa madaraja, rundo la daraja la chini lilizidi la juu. Wateja wetu wa Italia hawataki hata kuwaona hao. Mwaka ulipofungwa, wengi walikuwa bado ghalani.

Wewe unajua marehemu Baba alivyofanya. Kila daraja lilihesabiwa peke yake: samaki hawa wametugharimu kiasi gani, na wakiuzwa watatupa kiasi gani, kisha kwenye hesabu inaandikwa thamani iliyo ndogo. Kama samaki wameharibika, hasara inaonekana mwaka uleule, inauma, inapita. Safari hii Torgeir amewachanganya wote fungu moja. Wazuri wamewabeba wabovu mgongoni, na hasara imegeuka faida.

Hilo peke yake tungebishana. Lakini sheria inataka kampuni ieleze inafuata kanuni gani za hesabu, na ikibadili njia iseme imebadili, iseme kwa nini, na iseme mabadiliko hayo yamefanya nini kwenye faida. Torgeir ameacha sentensi ya siku zote: "Kanuni ni zilezile za mwaka uliopita." Kisha juu yake ameandika kwamba hesabu zote zimeandaliwa kwa kufuata sheria. Huo ni uongo, Shangazi, na mimi siwezi kuuita jina jingine.

Utasema ni mambo ya familia, tuyamalize mezani. Ningependa. Ila mwaka huu wafanyakazi wameambiwa wanaweza kununua hisa, na bei ya hisa hizo inatokana na hesabu hizihizi. Unamkumbuka Oddveig, binti wa fundi mashua, niliyekuwa nafunga naye samaki wawiliwawili mkiani tukiwa wasichana? Bado anafanya kazi kwetu, na alishapata mnunuzi wa banda la mashua la wazazi wake. Ndilo alilobaki nalo, na alitaka kuliuza ili naye awe mwenye kampuni.

Tulikutana nyumbani kwa Mama kutia sahihi. Kulikuwa na kahawa na lefse, zile chapati zetu laini, zenye siagi na sukari, na Torgeir alikuwa amevaa shati jipya. Nilipomwonyesha ile sentensi alicheka.

"Dada yangu, nani anasoma maelezo? Watu wa hapa wanafungua faida kwenye simu, wanasema 'ohoo, hawa wamepata,' wanaendelea na vitafunio vyao."

Hapo hakukosea. Kwetu hesabu za kila kampuni ziko wazi kwa yeyote, na pale dukani watu huijua faida ya jirani kabla mke wake hajaijua. Lakini ni faida tu wanayoitafuta, ili wapate cha kuongea. Kurasa za nyuma hazina umbea, na kaka yangu analijua hilo.

"Kwa hiyo unadanganya pale unapojua hawatazami," nikamwambia.

"Sidanganyi! Nafunika kombe mwanaharamu apite. Samaki wa mwaka huu si umewaona? Shimo litajifukia lenyewe."

"Basi andika kwamba kuna shimo."

"Ili benki itukabe koo? Wewe ungeshindwa kuendesha hata kibanda cha kuuza kofia!"

"Wanangu," Mama akasema, "kahawa inapoa."

Mjumbe wa bodi hapa kwetu hawezi kuisusia kalamu akaenda zake. Anayepinga anatia sahihi na kueleza pingamizi lake, na maelezo hayo yanaambatana na hesabu kokote ziendako. Nikatia sahihi. Chini yake nikaandika: "Kwa pingamizi. Njia ya kuthamini samaki walioko ghalani imebadilishwa mwaka huu, na maelezo hayasemi hivyo. Kwa njia ya zamani tungeonyesha hasara." Torgeir akaniita msaliti. Mama akaichukua kalamu, akatia sahihi yake karibu na ya Torgeir, bila pingamizi lolote.

Iliniuma sana. Nilishuka mpaka vichanjani nikashusha samaki kwa hasira hata vijana wakanipisha njia.

Siku ya pili Oddveig alinijia palepale, kofia mkononi.

"Mama yako kanipigia simu."

"Mama yangu?"

"Kasema nisiuze banda mpaka nisome ulichoandika. Nimepita kwake, nimesoma. Synnøve, mimi nilidhani nanunua kampuni, kumbe nanunua sifongo!" Akacheka, kisha akakaa juu ya kreti akalia. Nilikaa naye. Banda haliuzi, alisema, na mnunuzi ameshaambiwa.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Mama.

"Mama, umesaini kwamba hesabu ni sawa, halafu unapiga simu kusema si sawa?"

"Nilisaini kama mama yake," akanijibu bila kuacha kufuma. "Simu nimepiga kama mwenyekiti."

"Lakini Mama, aliyepewa kalamu ni mwenyekiti."

"Una kichwa kigumu kama baba yako."

"Nimekirithi, sikukiiba."

Sahihi yake haijabadilika. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na nadhani Mama ameshaanza kulia, ila hataki nione. Nampenda, na bado nasema amekosea.

Mkutano wa wenye hisa utakuwa kabla mwezi huu haujaisha. Torgeir atakuomba umpe uwakala wa kura zako. Usimpe. Wala mimi usinipe. Piga simu siku hiyo, uulize mwenyewe, usikilize majibu, upige kura kwa akili yako. Nitapendekeza maelezo yaandikwe upya, hasara ionekane, na wafanyakazi wapewe bei ya kweli. Nikishindwa, hesabu zitakwenda hivyohivyo na maneno yangu yataonekana na kila mtu. Wakiniondoa kwenye bodi nitaondoka, lakini sitayafuta.

Usije ukadhani sina huruma na kaka yangu. Ameibeba kampuni hii peke yake toka Baba alipofariki, na anaogopa kuwa yeye ndiye atakayeipoteza. Ningemsaidia kubeba hasara hiyo mbele ya benki, mbele ya kijiji kizima, bega kwa bega. Nimemwambia hivyo. Alifunga mlango.

Nimekufungia samaki wakavu kidogo, wa daraja la juu, usiwe na wasiwasi. Waloweke siku kadhaa, na huyo jirani yako akilalamika harufu mpe aonje.

Mama anakusalimu sana na anauliza tena goti. Oddveig anakusalimu. Watoto wanakusalimu na kukukumbusha uliahidi kuja. Nisalimie binamu Leif na mkewe. Mungu akulinde, akupe miguu yenye nguvu na usingizi mtamu.

Salamu za Torgeir sikuletei, Shangazi. Nilimwomba, hakunipa, nami siwezi kukuandikia kisichokuwepo.

Wako akupendaye daima,
Synnøve