Njoo na Futi

4 Februari

Dada mpendwa,

Shikamoo. Hujambo wewe? Mama hajambo? Magoti yake je? Mimi mzima wa mwili, mengine nakueleza.

Najua umeshaanza kukunja uso. Soma tu. Leo siku ya kumi na tisa sijagusa pombe. Kila Jumatano naenda kanisani kwenye ushauri, kwa mkunga mstaafu ambaye hana huruma hata ya dawa. Siku ya kwanza nililia. Akanipa kitambaa, akatazama saa, akasema, "Umemaliza? Sasa tuongee." Halafu akaniombea kwa sauti ile ile ya kumwambia mtu asukume.

Amenipa kazi moja. Koo likiniita, nisiende popote, nikae nimwandikie mtu niliyemkosea kuliko wote. Nikamsimulia jeneza la Baba. Nilivyojitia fundi, nikakata mbao kwa kukisia kwa macho, nimelewa chakari, hata kupima sikupima. Kifuniko kikakataa kufunga, wewe ukavua mtandio wako ukakifunga mbele ya watu wote. Akasema, "Basi ni huyo dada."

Kwa hiyo utapata barua. Ukitaka zichome. Mimi nitaandika tu.

Mdogo wako


15 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Hatujambo. Mama ndiyo hayo magoti. Akishakaa kwenye lile kochi lililobonyea, hainuki mpaka nimvute.

Sasa nisikilize vizuri. Mimi si dawa yako. Mwambie huyo mkunga. Mimi ni fundi cherehani, nikikosea kipimo mteja ananirudishia gauni na maneno juu. Baba alimrudishia nani?

Na usiniletee hadithi ya yule kijana aliyerudi nyumbani akachinjiwa ndama. Naijua, nawafundisha watoto kila mwaka shule ya Jumapili. Nikifika pale kaka mkubwa anaposimama nje amenuna, nawaambia watoto alikosea. Moyoni namuunga mkono.

Barua yako nimeitia jikoni. Usiandike tena.

Dada yako, kwa bahati mbaya


20 Februari

Dada, shikamoo.

Naandika tena. Leo ni spiriti. Hapa karakana tunaitumia kung'arisha makabati, na harufu yake imenishika pua tangu asubuhi. Nimemwendea bosi, nikamwambia mbele ya wenzangu wote: mimi ni mlevi, nihamishie kwenye msumeno. Wamecheka mpaka wakashika meza. Mmoja kaniita Mchungaji. Bosi kanihamisha. Mchungaji ndilo jina langu sasa, nami naitika.

Mdogo wako


21 Februari, asubuhi

Shikamoo dada. Koo.

Mdogo wako


21 Februari, saa nane mchana

Shikamoo tena. Bado koo. Uniwie radhi kwa mwandiko. Nimemwambia Mungu kama kweli anataka niache, anishike shati, maana mimi najijua. Sikusema kwa adabu.

Mdogo wako


3 Machi

Dada, shikamoo. Mama hajambo?

Jana nimekunywa. Hakuna aliyenialika, hakuna aliyeniudhi. Nilikwenda kwa miguu yangu. Leo nimefika kwa mkunga nikinuka, nikijua atanifukuza. Akauliza, "Uliandika barua kwanza?" Nikasema hapana. Akasema, "Basi unajua ulipokosea. Kaa." Tumetubu wote wawili, ingawa yeye hakuwa amekunywa kitu.

Naanza moja. Kama ni kuanza moja mara mia, nitaanza. Sitakubali chupa inizike na mimi. Choma na hii.

Mdogo wako


12 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama hajambo.

Tangu nikujue, hii ni mara ya kwanza kuniambia ubaya wako kabla sijaunusa mwenyewe. Usidhani nimelainika. Nakujulisha tu kwamba imefika.

Dada yako


30 Juni

Mdogo wangu,

Hujambo? Nauliza kweli.

Machi zilikuja barua kumi na moja. Aprili tano. Mei moja. Juni nzima, hakuna. Kila nikitoka kazini napitia posta, na yule mama wa dirishani ameshazoea kunitikisia kichwa kabla sijafungua mdomo. Nimejiambia umerudi kwenye chupa. Nimejiambia umekufa. Usinifanyie hivi! Kama umelewa, andika umelewa hivyo hivyo. Andika hata matusi.

Mama anakuulizia kila siku. Ndiyo, ya jikoni nilidanganya. Namsomea zote, na akishasikia anaziweka chini ya mto wake.

Dada yako


9 Julai

Dada mpendwa,

Shikamoo. Mama hajambo?

Nisamehe. Sikujua kama unazisubiri. Mkunga alisema niandike koo likiniita, na tangu tarehe ishirini Mei halijaniita. Mara mbili lilininong'oneza, nikapiga magoti hapo hapo kwenye maranda ya mbao, likapita. Nikadhani nikinyamaza ndiyo nakupumzisha. Si ulisema wewe si dawa?

Leo naandika bila koo, na sijui niandike nini. Labda hili: nataka kumtengenezea Mama kiti kigumu, chenye mikono ya kushikia, ainuke bila kuvutwa. Nitumie vipimo, kutoka sakafuni mpaka gotini, na upana. Nitakipakia kwenye lori, mimi sitakuja kama hutaki kuniona.

Lakini ulijue na hili. Unisamehe, usinisamehe, Jumatano niko kwa mkunga. Siachi.

Mdogo wako


17 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama hajambo, ameshaanza kubishana nami juu ya rangi ya kiti.

Mimi bado nimesimama nje na yule kaka mkubwa. Siku nikiamua kuingia nitaingia kwa miguu yangu, na mkunga wako asinisukume.

Vipimo sikutumii. Futi iko shingoni mwangu kutwa, na magoti ya Mama yapo hapa mbele yangu. Ningeweza kukuandikia sasa hivi. Sitaki. Mara ile hukupima. Safari hii utapiga goti wewe, umpime Mama mara mbili, nami nitakuwa nimesimama hapo naitazama mikono yako.

Basi la Jumamosi linafika saa sita mchana. Njoo na futi.

Dada yako