Marion Iko na Virusi

Kawangware, 13 Aprili 1999

Kaka Chris,

Salamu nyingi kutoka huku. Natumaini mko salama hapo Ayany, wewe na Christine, na kwamba kifua cha mtoto kimepoa. Mimi ni mzima wa mwili. Kichwa ndicho kinaniuma, na sababu ni kompyuta.

Umesikia habari za virusi vinavyosemekana vitaamka tarehe 26 na kufuta kila kitu? Tangu juzi mashine mbili za chuo changu cha kompyuta zinakwamakwama. Waithaka wa duka la picha alinipa antivirus aliyonakili kwa rafiki yake, nikaiendesha kwenye mashine zote, ikasema ni safi. Siamini. Mutie, yule anayepitisha viatu vya mitumba huko kwenu, ananishauri nisogeze tarehe ya mashine niiruke hiyo 26. Inatosha kweli?

Nakutumia naye disketi ninayofundishia, ile yenye jina langu, uipime huko kazini kwenu. Wasichana wangu wana mtihani mwezi ujao. Mashine zikifa, chuo kimekufa, na mimi nitarudi Kisumu Ndogo kuuza dagaa wa omena na Mama. Sidharau omena, lakini hiki chuo nimekijenga mwenyewe na nakipenda.

Dada yako,
Marion

Ayany, 16 Aprili 1999

Dada Marion,

Sisi tu wazima. Mtoto amepona, sasa ni zamu yetu kukosa usingizi kwa kelele zake.

Pole, lakini lazima nikugombeze. Antivirus ya Waithaka ni ya mwaka juzi, na kirusi hiki kilitokea mwaka jana. Itakitambuaje? Ni sawa na kumpa askari wa lango picha za wezi wa zamani. Tena uliiendesha Windows ikiwa imewaka. Kirusi kikiwa macho, kila faili ambayo antivirus inaifungua, nacho kinaingia humo humo. Umekitembeza nyumba hadi nyumba ukikishika mkono. Kusogeza tarehe nako ni kujificha tu. Siku moja mtu atairekebisha na utalia.

Fanya hivi. Zima mashine kabisa, weka disketi ya kwanza kati ya hizi ninazotuma, ndipo uwashe. Ni za kampuni yenyewe inayotengeneza antivirus, bosi ameniruhusu, na orodha yake ya virusi ni ya mwezi huu. Ukichagua antivirus usitazame jina wala uzuri wa boksi. Uliza orodha ni ya lini na imetoka kwa nani. Nimeacha wazi kile kidirisha cha pembeni mwa disketi ili kirusi kisiweze kujiandika ndani. Usikifunge.

Disketi yako ni chafu. Nimeiandika juu kwa kalamu nyekundu usije ukajisahau ukaiingiza. Mutie ataleta bahasha Jumapili.

Kaka yako,
Chris

Kawangware, 20 Aprili 1999

Kaka Chris,

Wasalimie wa nyumbani, leo sina maneno mengi ya salamu. Mashine nimezisafisha ulivyosema, na kirusi kilikuwa kwenye zote. Zimepona. Mimi ndiye niliyeingia matatani.

Jumapili Mutie hakunikuta, nilikuwa kanisani. Bahasha akaiacha dukani kwa Mama Ciru, mwenye ploti hii ya vyumba vya kupanga, ikiwa imepasuka pembeni na disketi yangu ikichungulia. Chini ya jina langu uliandika nini, Chris? MARION IKO NA VIRUSI. USIGUSE.

Ungeandika "ina". Mwalimu wetu wa Kiswahili alituchapa bure kwa hiyo "iko na". Hapa mtoto iko na njaa, jirani iko na kiburi, na sasa Marion iko na virusi. Mama Ciru hajawahi kuona disketi. Kwake hiyo ni kadi ya hospitali, na virusi ni ukimwi.

Alikuja akasimama mlangoni, hakuingia. "Marion, mimi si mtu mbaya," akasema. "Lakini hii ploti iko na watoto." Nikamwonyesha disketi, nikamweleza kwamba kompyuta nayo hushikwa na virusi. Akacheka. "Mashine igonjeke? Hiyo enda uambie mwingine." Anataka nimletee cheti cha kliniki kabla ya mwisho wa mwezi, la sivyo nihame.

Wasichana kadhaa hawajaja leo. Mmoja wa waliokuja alipangusa kibodi kwa leso kabla ya kuketi. Nimekasirika sana. Kwa nini niende kupimwa kwa sababu ya kalamu yako?

Dada yako,
Marion

Ayany, 23 Aprili 1999

Dada yangu,

Sijui nianzie wapi. Nisamehe. Jana baada ya kazi nilifika kwa Mama Ciru. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanimiminia chai, akasema, "Wewe ni brother yake. Utasema nini ingine?"

Naomba usishindane naye. Nenda upimwe, umpe cheti, yaishe, ubaki na chumba chako na wasichana wako. Chuo hicho umekitolea jasho, usikipoteze kwa hasira.

Kaka yako anayejuta,
Chris

Ayany, 26 Aprili 1999

Marion,

Leo ndiyo siku yenyewe. Hapa kazini simu hazinyamazi, wateja wanajaribu kuwasha mashine na haziwaki. Zako je? Na kliniki? Mutie anasema alikuita mlangoni hukuitika. Niandikie hata mstari mmoja.

Kaka yako,
Chris

Kawangware, 28 Aprili 1999

Kaka Chris,

Hamjambo nyumbani? Mimi nipo. Nisamehe kwa kunyamaza.

Tarehe 26 asubuhi niliziwasha mashine mbele ya wasichana waliobaki. Zikawaka zote. Nililia na sikuona haya.

Kisha nikaenda kuchukua cheti, maana kupimwa nilikuwa nimeshapimwa. Nilifika nacho hadi nje ya duka la Mama Ciru. Nasambu alikuwa amenifuata, yule mwanafunzi wangu anayepiga chapa haraka kuliko mimi. Anaishi ploti hii hii, upande wa nyuma. Akanishika mkono.

"Teacher, wewe ukimwonyesha hiyo, na mimi akiniuliza nitamwonyesha nini?"

Mwanzoni sikuelewa. Halafu nikaelewa. Ameniruhusu nikuambie hali yake, wewe peke yako.

Cheti changu kingenirudishia chumba, na kesho yake Mama Ciru angeanza kuwadai wengine vyao. Nikakichana pale pale, Mama Ciru akiniona. Sasa ana hakika kabisa.

Na wewe usiniulize kilisema nini. Nakuamini kaka yangu, lakini nimeona swali hilo linavyowafanya watu, na sitaki kulijibu kwa mtu yeyote. Chuo nimekipoteza kwa macho makavu. Ijumaa natoka, wapi sijui.

Dada yako,
Marion

Ayany, 29 Aprili 1999

Dada Marion,

Wote wazima, Christine anakusalimu. Sitauliza.

Kesho nakuja na mkokoteni. Nimepata chumba Makina, nyuma ya msikiti. Mzee mwenye nyumba aliuliza jambo moja tu, kama hizo mashine zina kelele. Mwambie Nasambu aje, na yeyote anayetaka kumaliza masomo. Kwa miguu si mbali.

Natanguliza disketi mpya. Nimeipima kama kawaida, na majibu sikuyaandika popote. Juu yake nimeandika MARION, basi.

Kaka yako,
Chris